Kijani cha siku gani? Uchambuzi wa kisa cha kichwa cha dizeli mjini Lubumbashi

Kiwanda kimoja cha Lubumbashi, ambacho sitakitaja jina, kilikuwa na kichwa kidogo cha treni cha dizeli kilichotumika kwa miaka mingi kusogeza mabehewa kati ya bohari zake na reli kuu, hadi mzigo wake wote ulipohamia kwenye malori. Uongozi uliamua kukiweka langoni juu ya jukwaa la zege, kiwe kumbukumbu ya kazi iliyokijenga kiwanda. Kuhusu mahali pa kukiweka hapakuwa na ubishi. Ubishi ulizuka pale mchora mabango aliyepewa kazi alipouliza swali la kawaida la fundi, yaani anunue rangi gani, na swali hilo likazaa mikutano, barua moja kali, na hatimaye ombi kwangu kwamba nikichunguze kichwa hicho na kutoa maoni kwa maandishi, kwa kuwa inajulikana kwamba nafuatilia rangi na alama za vichwa vya dizeli.

Kichwa chenyewe, ambacho wafanyakazi wanakiita mashini tu, ni cha sogeza: boneti ndefu mbele, chumba cha dereva nyuma, ekseli chache, na magurudumu ya upana wa reli wa milimita 1067 unaotumika kote kusini mwa Afrika. Kilikuwa na rangi nyekundu iliyopauka na kufifia chini ya vumbi letu, mistari ya mshazari ya njano na nyeusi puani, namba 3 ubavuni, na herufi nne za kifupi cha jina la kampuni. Herufi ya mwisho ilikuwa C, lakini hata aliyesimama mbali aliweza kuona kwamba C hiyo ilipakwa juu ya Z. Bamba la shaba la mtengenezaji lilikuwa limeng'olewa, bila shaka na mtu aliyejua bei ya chuma chakavu, na mahali pake palibaki matundu manne ya ribiti.

Kwa msomaji asiye wa Katanga, eneo la kusini mashariki mwa Kongo ulipo mji huu, ni lazima kusema kidogo kwa nini herufi moja ina uzito huo. Reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea kusini kupitia Sakania, wakati mji ukiitwa Élisabethville. Kampuni ya reli ya BCK, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliifikisha njia Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, mwaka 1928, na mwaka 1931 tawi la Dilolo likakutana na reli ya Benguela inayoelekea Atlantiki. Mwaka 1966 mji ukapewa jina la Lubumbashi. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire, mwaka 1974 mashirika ya reli yakaunganishwa kuwa SNCZ, na baada ya Mei 1997, nchi iliporudia jina la Kongo, Z ikatoka na ikabaki SNCC. Makampuni mengi ya binafsi yalipitia njia hiyohiyo. Kwa hiyo kitu chochote chenye herufi za kampuni au jina la mji kimebeba tarehe, na mara nyingi tarehe hiyo ni ya kuaminika kuliko kumbukumbu ya mtu.

Madai yaliyokuwa mezani yalikuwa haya. Uongozi ulitaka nyekundu, kwa sababu ndiyo inayokumbukwa na wengi, pamoja na nembo mpya ya kampuni ubavuni. Wastaafu walitaka kijani. Mmoja wao, mzee tunayemwita Papa, aliyekuwa mashinisti, yaani dereva, wa kichwa hicho, alisema kwa Kiswahili chetu cha hapa: «Mi nilikutaka ile mashini iko kijani, nyekundu ilikuyaka nyuma,» yaani aliikuta ikiwa ya kijani, nyekundu ilikuja baadaye. Mshauri mmoja wa kampuni naye alikataa kijani kabisa, na barua kali ilikuwa yake. Alidai kwamba mwili wa kijani, boriti nyekundu ya mbele na mstari mweupe ni rangi za bendera ya Katanga iliyojitenga chini ya Moïse Tshombe, iliyokuwa nyekundu, nyeupe na kijani pamoja na misalaba mitatu ya shaba, na kwamba kuziweka langoni leo ni kuchokoza. Kijana wa ofisi ya wafanyakazi aliongeza la kwake: kijani kile ni kijani cha MPR, chama cha Mobutu, na hakuna haja ya kukirudisha.

Inafaa kutazama jinsi rangi moja ilivyosomwa na watu wawili kuwa bendera ya serikali mbili zilizokuwa mahasimu. Kila mmoja alianza na maana, kisha akaitafutia rangi. Mimi niliona njia iwe kinyume chake: kwanza tujue rangi zipi zilipakwa, kwa mfuatano gani, na alama zipi zilikuwa juu ya kila tabaka, baada ya hapo ndipo tuulize kama zina maana.

Tulianza na vidirisha vya rangi. Anayefanya kazi hii huchagua mahali palipokingwa na jua na mikwaruzo, halafu husugua kwa msasa laini uliolowa maji kwa mwendo wa duara, akipanua duara kidogo kidogo, mpaka chuma kionekane katikati na tabaka zote zijitokeze kama pete za kitunguu kilichokatwa. Maji si anasa. Rangi za zamani zina risasi: minio, ile rangi ya chungwa ya kuzuia kutu, imetengenezwa kwa risasi, na njano nyingi za wakati huo pia, kwa hiyo vumbi lake halifai kuvutwa wala kuachwa mikononi wakati wa kula. Mchora mabango alizoea kukwangua kikavu na uso wazi, na ilibidi kusimamisha kazi mpaka barakoa zinunuliwe.

Ubavuni, chini ya bawaba ya mlango wa boneti, pete zilisomeka vizuri. Juu ya chuma ilikuwa minio. Juu yake kijani kizito. Kisha kulikuwa na uzi mwembamba mweusi, ambao chini ya kioo cha kukuzia ulionekana kuwa vumbi na grisi iliyonaswa kati ya tabaka mbili. Uzi wa namna hiyo ni wa thamani sana, kwa sababu unaonyesha kwamba tabaka la chini lilifanya kazi nje kwa muda mrefu kabla ya lile la juu kupakwa. Baada ya uzi kulikuja kijani cha pili, chepesi kidogo, halafu rangi ya msingi ya kijivu, halafu nyekundu. Njano na nyeusi za puani zilikaa juu ya nyekundu, wala hapakuwa na alama yoyote ya mistari hiyo chini yake.

Ndani ya sanduku la betri tulikuta minio na kijani cha kwanza peke yake. Hiyo ilikuwa hoja ya kwanza yenye nguvu, kwa maana wapaka rangi wa karakana hupaka kinachoonekana, ilhali kiwanda kinachotengeneza mashine hupaka sehemu kabla ya kuziunganisha. Kijani cha kwanza, basi, ni rangi ambayo kichwa kilikuja nayo kutoka kwa mtengenezaji. Tulipokwangua pembeni mwa matundu ya ribiti, palipokuwa na bamba, tulikikuta kijani hichohicho peke yake, bila cha pili wala nyekundu juu yake, jambo linaloonyesha pia kwamba bamba liliibwa baada ya rangi zote kupakwa.

Herufi zilihitaji mbinu nyingine. Jioni, taa za ua zilipozimwa, tulilaza tochi kwenye bati ili mwanga upite sambamba na uso wake. Rangi ya herufi huongeza unene, na unene huo hubaki hata ukifunikwa na tabaka nyingine. Kwenye fremu, chini ya nyekundu, yalijitokeza maandishi madogo ya kiolezo: E'VILLE, kifupi cha Élisabethville, na pembeni yake REV na tarakimu 64, yaani mwaka wa ukaguzi mkubwa. Karibu na boriti ya mbele kulikuwa na AV, alama ya upande wa mbele kwa desturi ya Kifaransa. Tulipofungua vidirisha pembeni ya maandishi hayo tuliona kwamba yalikuwa juu ya kijani cha pili. Chini ya zile herufi nne za kampuni, kinyume chake, hapakuwa na kivuli cha herufi nyingine isipokuwa Z. Juu ya kijani ubavu ulikuwa mtupu, namba 3 tu.

Kulikuwa pia na picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe iliyotolewa na familia ya mstaafu mwingine, ikiwaonyesha wafanyakazi wamesimama mbele ya mashini, na nyuma yake mtu ameandika kwa kalamu 1958. Uongozi uliishika picha hiyo kama ushahidi wake mkubwa. Mwili na boriti, walisema, vina kivuli kimoja cha kijivu, kwa hiyo mashini yote ilikuwa na rangi moja, na kwa kuwa boriti inajulikana kuwa nyekundu, basi mwili nao ulikuwa nyekundu. Hoja hiyo ina mantiki lakini haijui filamu. Filamu za zamani zaidi, ambazo hazikuhisi nyekundu, zinaitoa nyekundu karibu na nyeusi. Filamu za baadaye zinazohisi rangi zote zinaweza kuitoa nyekundu na kijani katika kijivu kilekile kabisa, hasa rangi hizo zikiwa na uzito unaolingana. Picha ya namna hii haiamui rangi. Inachoweza kuamua ni mpangilio, na kwa mpangilio ilitusaidia sana: mstari mweupe unaopita kando ya fremu, namba chini ya dirisha la dereva, ubavu usio na jina la kampuni, pua isiyo na mistari ya mshazari.

Wapenzi wa reli wa Marekani wanaujua mtego huu vizuri. Reli ya Pennsylvania ilipaka vichwa vyake vya dizeli kijani kizito mno, kiasi kwamba katika picha nyingi, na hata machoni mwa aliyesimama kituoni siku ya mawingu, vilionekana vyeusi. Wengi waliokulia kando ya reli hiyo wangeapa kwamba ilikuwa nyeusi. Kijani hicho huonekana vizuri mtu anapokuta kipande kisichochafuka, au jua linapokipiga kwa pembe nzuri. Ndiyo maana ninaheshimu kumbukumbu ya macho bila kuifanya hakimu.

Sasa turudi kwenye bendera. Katanga ilitangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, na jambo hilo likaisha Januari 1963. Kijani cha kwanza ni cha mtengenezaji, na ikiwa mwaka ulioandikwa nyuma ya picha ni sahihi, kichwa kilikuwa hapa na mstari wake mweupe miaka miwili kabla ya bendera hiyo kuwapo. Nakubali kwamba mwaka ulioandikwa kwa kalamu nyuma ya picha ni ushahidi mwepesi. Hata hivyo picha haijasimama peke yake. Sanduku la betri linasema kijani hakikuchaguliwa na mtu yeyote wa Lubumbashi, na kijani cha pili, kilichoandikwa alama za ukaguzi wa 1964, kinarudia mpangilio uleule, wakati ambapo Katanga ilikuwa tayari imerudi ndani ya Kongo na hakuna meneja mwenye akili timamu ambaye angeacha rangi za Tshombe kwenye mali ya kampuni. Boriti nyekundu nayo ni desturi ya reli za Ulaya tangu enzi ya mvuke: sehemu inayotangulia na inayoweza kumgonga mtu ipakwe rangi inayoonekana. Nilipomuuliza Papa mashinisti kuhusu boriti, hakutaja siasa. «Ni juu watu waione,» alijibu, akashangaa kwamba jambo hilo linahitaji kuulizwa.

Dai la MPR linaanguka kwa urahisi zaidi. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1967, na bendera ya kijani ya Zaire ilikuja mwaka 1971. Maandishi ya E'VILLE na 64 yako juu ya kijani. Kwa kweli tabaka la enzi ya Zaire kwenye mashini hii ni lile jekundu, lenye Z, na ni kichekesho kidogo kwamba kijana aliyeogopa kijani cha Mobutu alikuwa akiitetea, bila kujua, rangi ambayo kichwa kilivaa chini ya Mobutu.

Hapa ndipo wengi walidhani kisa kimekwisha: kijani ndiyo rangi ya asili, basi ipakwe. Mkurugenzi mmoja aliridhia haraka, akapendekeza kijani, na juu yake zile herufi nne zikiishia na C, nembo mpya mahali ambapo ubavu ulikuwa mtupu, na mistari ya njano na nyeusi ibaki puani kwa ajili ya usalama wa magari yanayoingia langoni. Kwa maoni yangu pendekezo hilo lilikuwa baya kuliko nyekundu iliyochakaa. Rangi ni sehemu moja tu ya sura ya kichwa cha treni. Namba, herufi, mahali pa mstari, alama za ukaguzi na alama za tahadhari vinakwenda pamoja na rangi, na vyote lazima viwe vya siku moja. Kijani cha 1964 chenye C ya baada ya 1997 na mistari ya wakati wa nyekundu ni mashini ambayo haikuwahi kusimama kwenye reli hata asubuhi moja.

Uingereza inatoa mfano mzuri wa jinsi tarehe zinavyobana. Vichwa vingi vya dizeli vya British Railways vilianza na kijani bila njano puani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vikaongezewa kipande kidogo cha njano ili wafanyakazi wa njiani wavione mapema. Baadaye pua nzima ikawa njano. Na kuanzia 1965 kijani chenyewe kikaanza kuiachia nafasi buluu. Herufi D iliyotangulia namba, iliyotenganisha dizeli na mvuke, haikuwa na kazi tena baada ya mvuke kuondolewa kwenye njia kuu mwaka 1968, ikaanza kuachwa. Mtu anayepaka kichwa cha kijani chenye pua yote ya njano amechagua kipindi kifupi, na akiweka namba ya tarakimu tano ya mfumo uliokuja miaka michache baadaye, anapaswa kuwa na picha ya kichwa hichohicho, si cha jirani yake.

Lakini mfano niliouweka mbele ya uongozi kwa urefu ulikuwa wa Marekani, kwa sababu unahusu nafasi tupu, na mkurugenzi alikuwa ameitetea nembo yake kwa kusema kwamba «nafasi ipo». Mwaka 1983 makampuni mama ya reli za Santa Fe na Southern Pacific yaliungana, huku muungano wa reli zenyewe ukisubiri idhini ya tume ya serikali, ICC. Wahusika walikuwa na uhakika wa kupata idhini. Kuanzia 1985 walianza kupaka vichwa vyao rangi mpya za pamoja, nyekundu, njano na nyeusi, ambazo watu walizibandika jina la Kodachrome kwa kufanana na kasha la filamu. Vichwa vya Santa Fe viliandikwa SF, vya Southern Pacific vikaandikwa SP, na herufi hizo ziliwekwa kando kwa makusudi ili siku ya idhini zile nyingine mbili ziongezwe tu na zisomeke SPSF. Mamia ya vichwa yalipita kwenye vibanda vya rangi kwa mpango huo. Julai 1986 tume ikakataa. Makampuni yakabaki na vichwa vyenye nusu ya jina na pengo ubavuni, na wapenzi wa reli wakatania kwamba SPSF maana yake ni «Shouldn't Paint So Fast», yaani mtu asipake rangi upesi hivyo. Leo anayetaka kukionyesha kichwa cha Santa Fe cha mwaka ule kwa uaminifu huacha pengo jinsi lilivyo. Akilijaza kwa sababu nafasi ipo, anafuta habari yote. Ubavu mtupu wa mashini yetu nao ni habari: unasema kwamba mwaka 1964 mwenye mali hakuona haja ya kujitangaza kwenye kichwa ambacho hakikutoka nje ya uzio wake.

Sikusema kwamba kuchanganya zama ni marufuku siku zote. Kuna njia nyingine, nayo ni halali ikitangazwa. Union Pacific, kati ya 2005 na 2006, ilipaka vichwa sita vipya vya aina ya SD70ACe rangi zinazokumbusha reli sita ilizozimeza, na kila kimoja kikapewa namba ya mwaka wa kumezwa: 1982 kwa Missouri Pacific, 1983 kwa Western Pacific, na hivyo hivyo hadi 1996 kwa Southern Pacific. Norfolk Southern mwaka 2012 ilifanya vivyo hivyo kwa vichwa 20, ikavikusanya pamoja huko Spencer, North Carolina. Santa Fe nayo mwaka 1989 ilizirudisha nyekundu na fedha za treni zake za abiria, zilizobuniwa na Leland Knickerbocker wa General Motors mwaka 1937, ikaziweka kwenye vichwa vya mizigo. Hakuna anayedanganyika na hayo, kwa kuwa mashine ni mpya na umbo lake linasema wazi kwamba rangi ni heshima kwa waliotangulia. Kwetu ni kinyume: mashine ni ya zamani kweli, na mpita njia atakayeiona langoni ataamini kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Niliandika basi kwamba kuna siku mbili tu tunazozijua vya kutosha. Ya kwanza ni ya 1964, baada ya ukaguzi: kijani cha pili, boriti nyekundu, mstari mweupe, namba 3, ubavu mtupu, AV, E'VILLE na REV 64. Ya pili ni ya miaka ya mwisho ya kazi: nyekundu, C juu ya Z, mistari ya mshazari. Siku ya 1958 sikuipendekeza ingawa ni kongwe zaidi, kwa sababu mpangilio wake tunao lakini alama ndogo za fremu hatuna. Picha haikufika chini kiasi hicho. Binafsi ningechagua ya pili, nyekundu na herufi yake iliyosahihishwa, maana ndiyo inayoeleza mengi zaidi kuhusu mji huu, na ningeacha Z ionekane chini ya C kama ilivyo. Uongozi ulichagua 1964. Wastaafu walifurahi, na sina sababu ya kulalamika, kwani siku hiyo nayo ni ya kweli.

Mshauri wa barua kali alihamishia upinzani wake kwenye E'VILLE: jina la ukoloni lisirudi langoni. Hili lilistahili jibu la adabu, na jibu lilikuwa la vipimo. Maandishi hayo yana kimo cha kidole, yako kwenye fremu karibu na magurudumu, na yanasema tu kichwa ni cha kituo gani. Jina la Lubumbashi tayari limeandikwa juu ya lango kwa herufi kubwa kuliko namba ya mashini. Alikubali baada ya kuinama na kuyaona mwenyewe chini ya tochi. Alama ya AV haikupingwa na yeyote, isipokuwa mchora mabango aliyeiona ni uchafu. Nilimweleza kwamba Marekani sheria inalazimisha kila kichwa cha treni kiwe na herufi F pande zote mbili karibu na ncha inayohesabiwa kuwa ya mbele, kwa maana kichwa kinaweza kwenda mbele au nyuma na wafanyakazi wanahitaji kujua «kulia» na «kushoto» vinahesabiwa kutoka wapi.

Mistari ya njano na nyeusi ilitatuliwa bila maneno mengi: ilipakwa kwenye kingo za jukwaa la zege, ambazo ndizo gari linaweza kuzigonga. Nembo mpya ilikwenda kwenye ubao wa maelezo.

Kupata kijani chenyewe kulikuwa kugumu kuliko kukichagua. Kipande kilichokingwa ndani ya sanduku la betri kilikuwa cha kijani cha kwanza, nasi tulihitaji cha pili, kilichobaki safi chini ya bawaba tu. Isitoshe, rangi za mafuta zikikaa gizani hugeuka umanjano kidogo, na zikikaa juani hupauka, kwa hiyo hakuna kipande kinachosema ukweli wote. Tulikiacha kidirisha cha bawaba wazi kwenye mwanga wa mchana kwa muda, kwa sababu umanjano wa gizani hupungua ukipata mwanga, halafu tukakilowesha maji ili kirudishe mng'ao, na kukilinganisha na kadi za RAL, yaani sampuli za rangi zenye namba, nje, kivulini, mchana. Chini ya taa ya duka kila kijani kilionekana sawa. Mchora mabango, ambaye jicho lake ni zuri kuliko langu, ndiye aliyetambua kwamba kadi tuliyoipenda ilikuwa na ubuluu uliozidi. Aliomba tone la njano na tone la nyeusi, akapaka vibao, akaviacha juani. Kazi yote ilifanywa kiangazi, maana rangi iliyopakwa wakati wa mvua za Novemba hushika unyevu na kuvimba. Herufi alizikata kwenye bati kutokana na kivuli tulichokichora usiku. Nilikataa herufi za kompyuta, kwa kuwa kiolezo cha zamani kina madaraja yanayokata O na A, na madaraja hayo yalionekana wazi kwenye tochi.

Lilibaki bamba. Uongozi ulitaka lichongwe lingine la shaba ili matundu manne yasionekane, na fundi mmoja wa Kampemba alikuwa tayari kulitengeneza kwa kufuata bamba la kichwa kingine. Nilipinga. Bamba la mtengenezaji lina namba ya kuzaliwa na mwaka, na vyote viwili havijulikani kwa mashini hii. Kuazima vya nyingine ni kuipa kitambulisho cha mtu mwingine. Tulikubaliana kwamba matundu yapakwe kijani na kuachwa wazi, na kwamba ndani ya chumba cha dereva, mahali ambapo mvua haifiki, kifungwe kibati cha alumini chenye mwaka wa kupakwa rangi upya, namba za rangi zilizotumika, na sentensi moja inayosema kwamba kichwa kinaonyeshwa kama kilivyokuwa mwaka 1964. Papa mashinisti bado anaamini kwamba anaikumbuka namba ya bamba. Ametoa namba mbili tofauti, na zote nimeziandika kwenye faili pamoja na picha, iwapo bamba litaonekana siku moja kwa mnunuzi wa chuma chakavu.